Ilipita majaribio yote, ikakwama kikaoni: kisa cha programu ya kikundi cha hisa

Majina ya shirika, kampuni, wilaya na vikundi yameondolewa, na baadhi ya mazingira yamebadilishwa kidogo ili wahusika wasitambulike. Hesabu ya mgao iliyomo ndani ni mfano wa kuonyesha tu, si ya kikundi chochote.

Usuli

Shirika moja lisilo la kiserikali lilikuwa likilea vikundi vya kuweka na kukopa vijijini, katika mkoa mmoja wa Tanzania. Kumbukumbu zote zilikuwa kwenye madaftari. Maofisa wa uwanjani walizunguka na pikipiki, wakapiga picha kurasa, kisha mtu wa ofisini akazinakili upya kwenye kompyuta. Mfadhili alichoka kusubiri ripoti. Pia Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 ilikuwa imeviweka vikundi vya aina hii katika daraja la nne la watoa huduma hizo na kuvitaka visajiliwe, na shirika liliona kikundi chenye kumbukumbu safi hakitapata shida mbele ya halmashauri.

Ikatangazwa zabuni ya programu ya simu. Kampuni ndogo ya vijana wenye uwezo ikashinda. Mimi niliitwa baadaye, toleo la kwanza likiwa limeshakabidhiwa na kulipiwa na malalamiko yakiwa yameanza kufika ofisini. Kazi yangu ilikuwa kusanifu upya.

Naeleza haya mapema ili isidhaniwe kwamba tatizo lilikuwa uzembe. Programu ile iliandikwa vizuri. Ilifanya kazi bila mtandao, ikahifadhi kila kitu ndani ya simu na kutuma kwenye seva siku ambayo bando lilipatikana. Haikuwa ikijizima ovyo. Kila kipengele kilichoandikwa kwenye hati ya mahitaji kilikuwepo, kimejaribiwa, kimesainiwa.

Sanduku lilikuwa likifanya kazi gani

Bila kukijua kikao cha hisa huwezi kukielewa kisa hiki, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Utaratibu huu ulianzia Niger mwaka 1991 chini ya shirika la CARE, ukasambaa Afrika ukibadilika huku na huku. Kikundi huwa na watu ishirini na kitu. Wanakutana kila wiki, chini ya mwembe au kwenye darasa la shule. Kila mmoja ananunua hisa, kuanzia moja hadi tano, na kila hisa inagongwa mhuri kwenye kitabu chake. Nafasi zilizobaki wazi zinapigwa msalaba palepale, asije mtu akajiongezea mihuri nyumbani. Mfuko wa jamii, ule wa misiba na magonjwa, unachangiwa na kutunzwa peke yake. Mwanachama anaweza kukopa hadi mara tatu ya hisa zake, na baada ya mwaka mmoja hivi wanavunja, yaani wanagawana kila kitu na kuanza upya.

Fedha zinakaa kwenye sanduku la chuma lenye kufuli tatu. Funguo ziko kwa wanachama watatu wasio viongozi, na anayelala na sanduku nyumbani kwake hana hata ufunguo mmoja.

Halafu kuna jambo ambalo mgeni hulipita bila kuliona. Kabla sanduku halijafunguliwa, mwenyekiti anauliza: kikao kilichopita tulifunga na shilingi ngapi? Watu wanajibu kwa kumbukumbu. Ndipo kufuli zinafunguliwa, na wahesabu fedha wawili wanahesabu kwa sauti mbele ya wote. Kiasi kikifanana na kilichotajwa, kikao kinaendelea. Kisipofanana, hakuna mhuri utakaogongwa hadi ijulikane kwa nini. Mwisho wa kikao fedha zinahesabiwa tena, kiasi kipya kinatajwa, wanachama wanakikariri, kufuli zinafungwa.

Bibi asiyejua kusoma ni mkaguzi wa hesabu sawasawa na katibu aliyemaliza kidato cha nne. Hilo halikuandikwa popote kwenye hati ya mahitaji, kwa sababu hakuna aliyelihesabu kuwa kazi. Lilikuwa mazoea ya kikao tu.

Mambo yalivyokwenda

Hati ya mahitaji ilitokana na fomu ambazo shirika lilikuwa likikusanya: orodha ya wanachama, hisa, mikopo, marejesho, faini, mfuko wa jamii, ripoti. Juu yake yakaongezwa yale ambayo kila programu ya fedha siku hizi huonekana lazima iwe nayo: ujumbe mfupi kwa kila mwanachama baada ya muamala, michoro ya maendeleo, na namba za siri tatu badala ya funguo tatu. Hesabu ya mgao wa mwisho wa mwaka iliahirishwa hadi awamu ya pili. Mantiki iliyotumika ilikuwa ya kawaida kabisa kwa watengeneza programu: kipengele kinachotumika kila wiki kitangulie, kinachotumika mara moja kwa mwaka kingoje.

Kila kikundi kilipewa simu janja moja, akakabidhiwa katibu. Wiki za mwanzo zilikuwa za sifa, kwa sababu vikao vilikwisha mapema. Ofisini hili lilishangiliwa na likaingia kwenye ripoti kama mafanikio.

Vikao vilikwisha mapema kwa sababu hapakuwa tena na sababu ya kuhesabu kwa sauti. Katibu alifungua simu, kiasi kikawa kimeandikwa, akakisoma, watu wakaitikia. Ukimuuliza mwanachama wiki iliyopita walifunga na ngapi, anakuelekeza kwa katibu. Watu ishirini na kitu waliokuwa wakikagua wakawa wasikilizaji, na kioo cha inchi sita kilikuwa kinaelekea upande wa mtu mmoja.

Kisha zikaja dalili nyingine, kila moja ikiletwa ofisini kama tatizo dogo la peke yake.

Namba za siri tatu ziliingizwa kwenye simu ileile moja. Washika funguo wawili kati ya watatu, mara nyingi wazee, walipata shida na kibodi, kwa hiyo walimtajia katibu namba zao ili kikao kisichelewe. Kufuli tatu zikawa mikononi mwa mtu mmoja, na si kwa hila. Ilikuwa heshima na kuokoa muda.

Ujumbe mfupi ulileta balaa la aina yake. Vijijini simu ya kitochi mara nyingi ni ya nyumba, haina mwenyewe mmoja. Mama aliyekuwa akiweka akiba kimya kimya, kitabu chake kikilala ndani ya sanduku pamoja na vya wenzake, sasa salio lake lilisomwa na yeyote aliyeshika simu jioni ile. Baadhi ya wanawake waliomba namba zao za simu ziondolewe. Programu ilikataa: bila namba ya simu mwanachama hakuweza kusajiliwa. Wakaandikisha namba za uongo, na ofisini takwimu zikaonyesha ujumbe usiofika.

Lililowasha moto ni kitufe cha kurekebisha. Katibu mmoja alikosea kuingiza rejesho la mkopo, akarudi kwenye kikao cha nyuma na kusahihisha. Alikuwa na haki. Lakini salio la kikundi likabadilika bila alama yoyote, na mwanachama aliyekuwa bado anakariri, kwa mazoea tu, akasimama kusema kiasi kilichosomwa si kile walichofunga nacho. Hapakuwa na njia ya kumwonyesha kilichobadilika, lini, na kwa nini. Fedha zilikuwa salama, shilingi kwa shilingi. Imani ndiyo iliyopotea, na kikundi kikarudi kwenye daftari wiki hiyohiyo.

Baadaye ilibainika vikundi vingi havikuwa vimeliacha daftari hata siku moja. Viliendesha vyote viwili, programu kwa ajili ya shirika na daftari kwa ajili yao.

Maamuzi yaliyofanywa na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulikuwa mafunzo. Ni uamuzi wa kila mtu: programu ni nzuri, watumiaji hawajaielewa. Makatibu walikusanywa mjini, wakalipwa posho, wakarudi wakiwa mafundi zaidi. Hali ikazidi kuwa mbaya. Kadiri katibu alivyoijua simu, ndivyo wenzake walivyokuwa na sababu ndogo ya kuisogelea.

Uamuzi wa pili ulikuwa kuongeza ulinzi. Namba za siri zikabadilishwa kuwa alama za vidole. Kwenye karatasi hoja ilikuwa imara, kwani kidole hakitajwi kwa mdomo. Kivitendo ulikuwa na dosari ambayo wahandisi walipaswa kuiona mapema: kwenye simu za Android, mfumo huiambia programu kwamba kidole kimekubalika, lakini hauiambii ni cha nani. Ukishasajili vidole vya watu watatu kwenye simu moja, kimoja chochote kinapita kwa niaba ya wote. Ongeza na mikono ya wakulima, iliyochubuliwa na jembe hadi kisomaji hakiitambui, ukapata kikao kizima kikimsubiri mzee mmoja afute kidole kwenye shuka. Uliondolewa baada ya muda mfupi.

Hapo ndipo ilipoamuliwa kuacha kuandika msimbo kwanza. Timu ilienda kukaa vikaoni, bila simu, bila dodoso, na agizo moja: andikeni kila kitendo kinachofanyika kati ya kufika kwa mtu wa kwanza na kufungwa kwa kufuli ya mwisho, na mbele ya kila kitendo andikeni ni nani angeibiwa kama kisingefanyika. Safu ile ya pili ndiyo iliyobadilisha mradi. Kutaja kiasi kabla ya kufungua kulimlinda mwanachama dhidi ya mtunza sanduku. Kupiga msalaba nafasi tupu kulikilinda kikundi dhidi ya mwenye kitabu. Kuhesabu kwa watu wawili kuliwalinda wahesabu wenyewe dhidi ya kusingiziwa.

Kutoka kwenye orodha hiyo yalitoka mabadiliko machache.

Kubwa kuliko yote ni kwamba programu ilijifunza kunyamaza. Kikao kikianza, salio halionekani. Kikundi kinataja kiasi kwa kumbukumbu, katibu anakiingiza. Wahesabu wanahesabu, katibu anaingiza. Ndipo programu inaonyesha cha kwake. Vitatu vikifanana, kioo kinageuka kijani chote na kinaweza kuonekana hata na aliyekaa mbali. Visipofanana, kikao hakisongi mbele. Msimamizi wa mradi upande wa shirika alipinga sana. Aliuliza kwa nini tumfiche mtumiaji taarifa ambayo tunayo. Swali lake ni la haki na katika programu nyingi angekuwa sahihi.

Kitufe cha kurekebisha kiliondolewa. Mhasibu hafuti ingizo la leja. Anaandika la kinyume chake ili vyote viwili vibaki vikionekana. Tulifanya vivyo hivyo. Kosa linabatilishwa ndani ya kikao cha leo, sababu inaandikwa, na mistari yote miwili inabaki kwenye orodha ikisomwa kwa sauti.

Ujumbe mfupi ulizimwa, namba ya simu ikawa hiari. Kufuli za kidijitali zilifutwa kabisa. Sanduku la chuma lilikuwa limeshaifanya kazi hiyo vizuri na hatukuwa na sababu ya kuishindania. Vitabu vya mihuri vikabaki pia. Michoro ya maendeleo ilifutwa, na sikumsikia mtu yeyote kijijini akiiulizia.

Siku ya kuvunja

Wakati usanifu mpya ukiendelea, vikundi vya mwanzo vilifika mwisho wa mzunguko. Ndipo ikaeleweka kwamba kipengele kilichoahirishwa ndicho pekee ambacho vikundi vilikuwa vikikingoja tangu mwanzo.

Siku ya kuvunja ni ndefu. Fedha zote zinamwagwa mezani, mikopo inafungwa, thamani ya hisa moja inatafutwa, kisha kila mtu anapigiwa hesabu yake. Kikokotoo kinapita mkono kwa mkono, mtu anasahau sifuri, inaanza upya. Tuseme kikundi kina 4,386,500 mezani na hisa 1,912. Hisa moja iliyonunuliwa 2,000 sasa ni shilingi 2,294 na senti kadhaa. Mwenye hisa 37 anastahili 84,885 na senti ishirini. Hakuna anayeweza kumlipa kiasi hicho, maana sarafu ya shilingi tano haipatikani dukani, sembuse senti.

Vikundi vingine, ili kurahisisha, hukadiria thamani ya hisa kuwa 2,300. Inapendeza mpaka ufike mwisho wa foleni: zinahitajika 4,397,600, na mezani zimepungua 11,100. Anayepunjwa ni wa mwisho kuitwa, ambaye kwa kawaida ni mtu mpole. Jedwali la kompyuta ambalo maofisa wa uwanjani walilitengeneza haraka kuokoa hali lilikuwa na kasoro ya namna hiyo hiyo, likikadiria juu pale ambapo desimali ilizidi nusu.

Suluhisho halikuhitaji ufundi mkubwa. Thamani ya hisa haikadiriwi popote. Kinachokadiriwa ni malipo ya mwisho ya kila mtu, na yanashushwa tu hadi shilingi mia iliyo chini yake. Mwenye 84,885 anapata 84,800. Kikundi cha watu 25 hakiwezi kubakiwa na kiasi kinachofika 2,500, na programu inauliza wazi: kiende mfuko wa jamii au kiwe mbegu ya mzunguko ujao? Jina moja linaonekana kwa wakati mmoja, kwa herufi kubwa, likiwa na hisa zake na malipo yake, ili mwenyewe akihesabu mihuri kwenye kitabu aone vinalingana.

Matokeo

Yalikuwa mchanganyiko. Baadhi ya vikundi vinaitumia kila wiki pamoja na sanduku na vitabu. Vingine huitoa kabatini siku ya kuvunja tu, na binafsi sioni hilo kuwa kushindwa, ingawa ofisini linahesabiwa hivyo. Vingine vilirudi kwenye daftari moja kwa moja, hasa kile kilichoumizwa na kitufe cha kurekebisha. Kukirudisha kulikuwa na hoja gani, wakati fedha zao hazikuwahi kupotea bila programu?

Mfadhili hakufurahi. Taarifa zinafika kwa mwezi badala ya kila wiki, vikao vimerudi kuwa virefu, na kiashiria cha ujumbe uliotumwa kimekuwa sifuri. Usajili halmashauri, ambao ulikuwa moja ya sababu za mradi, haukuhitaji programu.

Uchambuzi

Kilichofaulu tangu toleo la kwanza ni uhandisi wa ndani: kufanya kazi bila mtandao, kutopoteza taarifa simu ikizimika, kutuma baadaye. Bila hayo toleo la pili lisingepata nafasi.

Kilichofeli ni chanzo cha orodha. Vipengele vilitolewa kwenye fomu, na fomu hueleza kile ambacho mwenye mradi anataka kujua. Haielezi kile ambacho mtumiaji anafanya. Ndiyo maana kila kipengele kilipita majaribio: majaribio nayo yalitoka kwenye hati ileile, yakathibitisha kwamba programu inafanana na hati. Hakuna jaribio lililouliza kama kikao bado kinaweza kugundua wizi.

Kupanga vipengele kwa wingi wa matumizi ni kosa jingine ambalo bado nalikuta kila mahali. Siku ya kuvunja ni moja kwa mwaka, lakini zile wiki hamsini za kugonga mihuri zipo kwa ajili yake. Ningependekeza swali la pili liwekwe kando ya lile la mara ngapi: kikikosewa siku hiyo, kikundi kitakuwepo kesho?

Kuna mfano maarufu wa jirani zetu. M-Pesa ilipojaribiwa Kenya mwaka 2005, ililenga marejesho ya mikopo ya taasisi ndogo ya fedha. Wateja wa majaribio wakaanza kutumiana pesa kwa sababu zao wenyewe, na huduma ilipozinduliwa Machi 2007 ilisimama juu ya kutuma pesa. Waliokuwa wakiisimamia walitazama watu wanavyoitumia, wakapunguza. Timu yetu ilipata dalili zilezile, madaftari ya pembeni na namba za simu za uongo, ikaziandika kama utovu wa nidhamu wa watumiaji.

Kuhusu kulificha salio, sishauri mtu alinakili kila mahali. Lilifaa hapa kwa sababu kumbukumbu ya watu ilikuwa ukaguzi wa kweli, na kioo kinachojibu kabla hawajajibu kinaua ukaguzi huo. Katika programu ya duka ingekuwa usumbufu mtupu.

Jambo moja halijatatuliwa. Katibu amekuwa mtu asiyeng'oleka. Zamani mwenye mwandiko mzuri yeyote aliweza kuchaguliwa. Sasa kikundi kinahofia kumbadilisha anayeijua simu, hata pale wanachama wanapotaka. Maelekezo ya sauti ndani ya programu yalisaidia kidogo. Kilichosaidia zaidi ni kipengele kilichoingizwa kwenye mkataba wa awamu iliyofuata: malipo ya mwisho kwa kampuni hayatolewi kwa kukamilisha orodha ya vipengele, yanatolewa baada ya kikao kizima kuendeshwa katibu akiwa hayupo, simu ikiwa mikononi mwa mwanachama aliyechaguliwa asubuhi hiyo kwa kura ya vijiti.